Mama yuko kwa kemo (dawa za saratani) na anaendesha (anahara), nimpe tu dawa ya minyoo?

Nyar Kondele: Wadau, mamangu ameanza kemo hapa Kisumu na tangu wiki jana anaendesha, kila mtu kwa nyumba anasema ni dawa tu lakini tunakunywa maji ya kisima na hakuna mtu ametuambia chochote kuhusu minyoo. Ninunue ya kemisti?

Baba Otis: Usinunue bado. Mrudishe kliniki leo, akiwa na homa usingoje asubuhi, alafu uliza choo ipimwe kriptosporidiamu (kijidudu cha kwa maji) na strongiloidesi (aina ya minyoo) kwa majina juu kipimo cha kawaida huzikosa sana. Strongiloidesi hukaa mwilini miaka bila dalili, mtu akipewa steroidi kama deksamethasoni, dawa inayopewa sana pamoja na kemo, inazaana inasambaa hadi mapafuni, hiyo inaua. Albendazoli, ile dawa ya minyoo ya kemisti, ya mara moja haitoshi, dawa ingine inaitwa ivermektini ndio hutumika zaidi, lakini aamue daktari.

Mercy wa Ahero: Na maji chemsha dada, klorini ya kawaida haiui kripto. Sisi kwa kemo tulielezwa nywele kutoka na kutapika tu, minyoo haikutajwa hata!

Nyar Kondele: Kumbe. Homa iko kidogo, natafuta tuktuk saa hii.