Ninaomba ushauri: hali ipi ya otopailoti (mtambo unaoiendesha ndege wenyewe) inafaa zaidi wakati wa kushuka?

Rubani Msaidizi (mwanzisha uzi):
Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni rubani msaidizi wa Boeing 737 na kwa sasa nipo likizo nyumbani Shangani, Mtwara. Ninaomba wenye uzoefu wanieleze: mwongoza ndege anapokufupishia njia ghafla wakati umekwisha kuanza kushuka, ni bora kuiachia kompyuta ya safari ikokotoe mteremko upya, au kubonyeza hali ya kubadili usawa ili ndege ishuke injini zikiwa zimepunguzwa kabisa? Sijapata usingizi mzuri kwa siku sita.

Mama wa Ligula:
Mwanangu, mshukuru Mungu kwa kazi hiyo, na kabla ya kila safari uombe. Vijana wa siku hizi mnaitegemea mashine kuliko mnavyomtegemea Muumba.

Mzee wa Mikindani:
Nilifundisha marubani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Kwa hesabu ya kichwani, kila futi 1,000 unazotaka kushuka zinahitaji takriban maili 3 za baharini, kwa hiyo ukiwa futi 12,000 unahitaji karibu maili 36, na zaidi kidogo za kupunguzia mwendo. Ikiwa zimebaki chache kuliko hizo, mteremko wa kompyuta umekwisha kukupita. Tumia hali ya kubadili usawa na breki za hewa, yale mabamba yanayoinuka juu ya mabawa, au mwombe mwongoza ndege akuongezee njia. Lakini, mwanangu, swali la namna hii halimnyimi mtu usingizi siku sita. Kulitokea nini?

Rubani Msaidizi:
Shikamoo, mzee wangu. Tulikuwa futi 12,000 zikiwa zimebaki maili 40, tukafupishiwa njia zikawa 27. Niliinama kuingiza njia mpya kwenye kompyuta, kisha nikabonyeza hali ya kubadili usawa. Tulitua salama.

Mzee wa Mikindani:
Marahaba. Umeandika "niliinama". Nani alikuwa anaendesha, na mlipofika futi 500 ndege ilikuwa katika hali gani?

Rubani Msaidizi:
Nilikuwa ninaendesha mimi. Uwanja tuliuona, nikakata otopailoti tukiwa karibu futi 1,500, nikiamini kwamba injini zingeongezwa nguvu na mtambo wake mwendo ukipungua. Hazikuongezwa. Tukiwa futi 400 mwendo ulikuwa maili za baharini 126 kwa saa badala ya 138, na ndipo kapteni alipozisukuma nyenzo za injini kwa mkono wake na kusema, "Endelea." Tulipaswa kughairi kutua, nami sikusema neno. Ripoti haikuandikwa, kwa sababu kapteni alisema hakuna kilichoharibika, na yeye ndiye aliyenipokea kazini kama mdogo wake. Nimekwisha kuamua: kuanzia sasa nikifika futi 10,000 nitazima mitambo yote na kuendesha kwa mkono. Naona uamuzi huo unatosha.

Dereva wa Korosho:
Kaka, mimi sijui ndege, lakini najua kushuka. Msimu mmoja nilikuwa ninateremka kutoka Newala na lori lililojaa magunia ya korosho, nikiamini nimeingiza gia ya chini. Utingo wangu, kijana mdogo kabisa, aliweka kiganja juu ya rungu la gia, akanitazama na kuuliza, "Mjomba, hii imeingia?" Haikuwa imeingia, gari lilikuwa huru. Mpaka leo, kabla ya mteremko ule, namtajia utingo gia kwa sauti naye ananijibu.

Mchunguzi:
Samahani, lakini hadithi hii naitilia shaka. Ndege nilizopanda kuja Mtwara mara nyingi ni za mapangaboi, ambazo kwa ninavyofahamu hazina mtambo wa kuongeza nguvu za injini wenyewe wakati wa kushuka. Tena mkasa unafanana mno na ule wa San Francisco wa Julai 6, 2013, ambapo Boeing 777 ilipungua mwendo rubani akidhani mtambo unaulinda, ikagonga ukuta wa bahari na watu 3 wakafariki. Ikiwa kweli wewe ni rubani, tueleze: baada ya kubonyeza hali hiyo ndege ikiwa inashuka, skrini huandika nini?

Rubani Msaidizi:
Sikusema kwamba ilitokea Mtwara. Hapa ni nyumbani, kazi yangu iko nje ya nchi. Huandika RETARD, yaani nguvu za injini zinapunguzwa, na nyenzo zikifika mwisho huandika ARM, yaani mtambo unasubiri tu. Neno hilo lilikuwa juu ya skrini mbele yangu muda wote.

Mchunguzi:
Nimeelewa. Niwie radhi.

Mzee wa Mikindani:
Basi tusimjadili tena. Mwanangu, uamuzi wako wa kuzima kila kitu siukubali. Januari 20, 1992, karibu na Strasbourg, Ufaransa, Airbus A320 iligonga mlima na watu 87 wakafa. Wachunguzi waliona uwezekano mkubwa kwamba marubani walikusudia mteremko wa nyuzi 3.3, ilhali mtambo ulikuwa katika hali ya kasi ya kushuka, ukaielewa 33 iliyoingizwa kuwa futi 3,300 kwa dakika. Baadaye onyesho lilibadilishwa ili kasi hiyo isomeke kwa tarakimu nne. Lingebadilishwaje kama habari ile isingeandikwa popote? Wewe ulibadili hali bila kusoma skrini iliitikia nini, na mwenzako hakuisoma pia. Ukiendesha kwa mkono kila siku utajichosha, na macho yako yatabaki palepale. Kila unapobonyeza, soma neno lililotokea kwa sauti, mwenzako athibitishe, kama yule utingo. Na ripoti uiandike.

Rubani Msaidizi:
Kapteni ataona nimemsaliti.

Mzee wa Mikindani:
Mpigie simu kwanza, umweleze kwamba unaandika. Ana haki ya kulisikia kutoka kwako.

Rubani Msaidizi:
Nimempigia. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema naye ataandika yake. Nimefika sentensi ya nne na nimekwama: je, niandike "sikuliona neno ARM" au "sikulitazama"?

Mzee wa Mikindani:
Mara ya mwisho kuitazama sehemu ile ya skrini mlikuwa futi ngapi? Andika futi hizo.