Kuzaa kavukavu au kwa sindano ya mgongo? Mama wenzangu, tupeane uzoefu

Mama Tunu
Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya wiki 34, ya pili. Jana kliniki dokta kaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa tangu nizaliwe: "Mama, siku ya leba utataka tukuchome sindano ya mgongo ya kuondoa maumivu, au utaenda hivyohivyo?" Nikamwambia nitafikiria. Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi, machozi yananitoka na hata sijui nalia nini.

Wa kwanza nilimzaa 2019 kule wilayani kwetu, saa kumi na sita za leba. Hakuna aliyeniuliza lolote. Nilipolia nesi akasema "uchungu wa mwana ndio huo, ulidhani nini?" akaendelea kuandika. Mtoto alitoka salama, Mungu asifiwe, ila mpaka leo nikisikia harufu ya ile dawa ya kupigia deki wodini tumbo linakaza.

Sasa tumehamia Dar na bima ya mume inaruhusu hospitali ya binafsi. Mume anasema niamue mwenyewe. Mama mkwe anasema sindano ya mgongo inaua kiuno maisha. Dada wa ofisini anasema nisiwe mjinga, nichome. Kila mtu aeleze lake: ulizaa na dawa au bila? Uliamua au uliamuliwa? Ungerudia?

Nyota ya Tanga
Bila. Watatu. Sikuamua, haikuwepo.

Mama Mapacha
Umenikumbusha mbali mno. Ngoja nilaze watoto nirudi.

Bi Shangwe
Mimi nilikuwa na miaka 20, mimba ya kwanza, sijui hili wala lile. Njia imegoma kwenye sentimita nne tangu alfajiri. Mchana nikasikia wanasemezana, "huyu awekewe dripu ya uchungu." Wallahi nilishukuru. Nilijua ni dripu ya KUONDOA uchungu. Nikanyoosha mkono mwenyewe wautafute mshipa. Nikamwambia nesi "ahsante dada, Mungu akubariki."

Baada ya nusu saa nilidhani nakufa. Uchungu ulikuwa unakuja na kuondoka, sasa ukawa unakuja juu ya mwenzake. Nikaita, "dada, dawa yenu haifanyi kazi!" Wakacheka. Hakuna aliyenieleza kuwa ile dripu ni ya kuongeza uchungu ili mtoto atoke. Kwa Kiswahili chetu uchungu ni uchungu tu, wa kuleta mtoto na wa kidonda neno ni lilelile, na mimi neno hilo liliniponza.

Lakini hata huo si ndio ninaouota. Mtoto alitoka na kilo 3.9, nikachanika. Aliyekuja kunishona akasema ganzi imeisha, ni nyuzi tatu tu, vumilia mama. Zilikuwa saba, nilizihesabu. Uchungu wa leba una pumziko lake: unakuja, unaondoka, unavuta pumzi. Ile sindano ya kushonea haina pumziko. Nilikuwa nimepakatishwa mwanangu, nikasema mchukueni, asije akanisikia. Saa ya kwanza ya mwanangu duniani nilimfukuza kifuani kwangu kwa sababu ya uzi.

Mama Tunu, hujaulizia hili lakini nakwambia: kabla ya sindano ya mgongo, uliza kama wana ganzi ya kushonea.

Nyota ya Tanga
Hapo kwenye kushonwa umenimaliza. Nilijua ni mimi peke yangu.

Kijukuu cha Bibi
Si peke yako. Mimi nilishonwa hivyohivyo 2014.

Baba Lao
Poleni kina mama. Lakini tuseme ukweli, wanawake wa siku hizi mmezidi. Bibi zetu walizaa shambani, wakafunga mtoto mgongoni wakaendelea kupalilia. Na Mwanzo 3:16 ipo wazi, "kwa utungu utazaa watoto." Unapochoma sindano kukwepa neno la Mungu unategemea nini?

Mama Mapacha
Nimerudi na nimekuta haya. Baba Lao, bibi yangu mimi alizaa kumi na mmoja akazika watano, na mdogo wake alikufa na mtoto tumboni njiani wakimbeba kwa kitanda kupeleka misheni. Hao wa shambani mnaowataja ni wale waliobaki hai kuwasimulia.

Mwalimu wa Jumapili
Endelea kusoma, usiishie aya ya 16. Aya ya 17 ardhi inalaaniwa kwa ajili ya mwanamume, ya 19 anaambiwa atakula chakula kwa jasho la uso wake. Mbona mkinunua trekta hamsemi mnakwepa neno?

Ummu Salha
Na sisi kwetu, Surat Maryam aya ya 23, uchungu ulimpeleka Bibi Maryam kwenye shina la mtende, akasema laiti ningekufa kabla ya haya. Mwanamke mteule kabisa. Hakuambiwa nyamaza, bibi yako alivumilia. Aliambiwa usihuzunike, akaonyeshwa maji, akaambiwa atikise mtende ale tende. Alihurumiwa! Sasa wewe ni nani?

Baba Lao
Sikumaanisha vibaya. Mke wangu amezaa wanne na mara zote mimi nilikuwa getini na beseni. Yaliyotokea ndani siyajui.

Mwalimu wa Jumapili
Basi kamuulize leo leo.

Mkunga Mstaafu
Wanangu, nimefanya leba miaka 27, naomba niseme kidogo. Kwanza Bi Shangwe, pole mama. Kushona mtu bila ganzi ni kosa, na kutokumweleza dripu ni ya nini ni kosa la pili.

Sasa hiyo sindano, wenyewe wanaiita epidurali. Unakaa umeinama kama unakumbatia mto, mtaalamu wa usingizi anaingiza sindano chini ya mgongo na kuacha kimrija chembamba. Dawa inapitia hapo, ikiisha wanaongeza. Si ile ya upasuaji, ya upasuaji huchomwa mara moja na ina nguvu zaidi, miguu yote inakufa. Baada ya kuchomwa lazima upimwe presha mara kwa mara kwa sababu inaweza kushuka, na mapigo ya moyo wa mtoto yafuatiliwe. Kusukuma kunaweza kuchukua muda zaidi. Mmoja hivi kati ya mia huamka na kichwa kikali siku inayofuata, kinachopungua akilala na kurudi akikaa. Kuna wasiofaa kuchomwa kabisa: wenye chembe sahani chache (zile za damu zinazosaidia kuganda), wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wenye maambukizi pale pa kuchoma.

Kuhusu kiuno, mwambie mama mkwe kwa heshima: tafiti nyingi zimelinganisha waliochoma na wasiochoma, maumivu ya mgongo ya muda mrefu hayakuzidi kwa waliochoma. Wala haiongezi kupelekwa kwenye upasuaji.

Hospitali nyingi za serikali hamuioni kwa sababu wataalamu wa usingizi ni wachache, na waliopo wako chumba cha upasuaji. Mtu mmoja hawezi kukaa na wewe leba wakati kuna mama anavuja damu upande wa pili. Wengine hupewa pethidini ya kuchoma pajani. Hiyo inatuliza, ila ikitolewa mtoto akiwa karibu kutoka anaweza kuzaliwa kalegea, apumue kwa shida.

Na nawaomba mizizi ya kuharakisha uchungu muiache. Nimeona kizazi kimepasuka.

Wa Nakuru
Mimi nilichomwa nikiwa Nairobi, kifungua mimba. Upande wa kushoto ulikufa ganzi, wa kulia nikawa nasikia kila kitu. Walirekebisha ule mrija mara mbili. Tulilipa pesa nyingi na niliumwa nusu. Wa pili nilizaa bila na sikujuta.

Mama Kelvin
Mimi ilikubali yote. Nililala usingizi nikakoroma, nikaamshwa "mama, sukuma." Ningechoma kesho.

Dada wa Ughaibuni
Niko Uingereza, kwetu Songea. Huku mkunga alikuja na karatasi wiki za mwisho tukaandika ninachotaka na nisichotaka. Nikachagua bila sindano ya mgongo. Nilikaa kwenye beseni kubwa la maji ya vuguvugu, baadaye wakanipa gesi ya kuvuta kwa mrija, nusu oksijeni nusu naitrasi oksaidi. Inalewesha kidogo. Haikuondoa maumivu ila ilinipa kitu cha kufanya kila yanapokuja. Kwenye sentimita nane nilitukana watu kwa Kingoni na nikaomba sindano. Mkunga akasema kwa upole, "ukiitaka tunaita mtaalamu sasa hivi, ila naona mtoto yuko karibu. Unasemaje?" Nikasema tuendelee.

Dada yangu alizaa mwezi uleule kule nyumbani Tanzania, bila dawa kama mimi. Tulipoongea kwenye simu mimi nilikuwa nasimulia na yeye alikuwa kimya. Baadaye akasema, "wewe uliulizwa." Basi. Sijalisahau neno hilo.

Mama Masika
Nyie mnaongea habari za kuchagua. Mimi nilizaa kwenye bajaji.

Masika ya 2018, maji yamejaa Jangwani, barabara imefungwa. Tunatoka Magomeni saa tatu usiku kwenda mjini, niko na jirani yangu, mama mtu mzima. Dereva akazungukia Kinondoni, na watu wote wa Dar wamezungukia Kinondoni. Foleni haisogei. Chupa ikapasuka nikamlowesha jirani. Nikamwambia, mama, nasikia kama haja kubwa. Akasema si haja hiyo.

Dereva ni kijana hata ndevu hana. Alizima injini, akateremsha maturubai yote pande mbili, akawasha tochi ya simu akaishika kwa kurudisha mkono nyuma, uso umetazama mbele. Hakugeuka hata mara moja. Nasikia anasoma dua kwa sauti. Mimi mguu mmoja uko kwenye kiti chake mwingine kwenye bomba. Nilisukuma mara tatu. Jirani alimdaka kwa kitenge. Kimya. Sekunde hizo jamani. Mvua inapiga turubai na mtoto halii. Jirani akamfuta mdomo, akamsugua mgongo kwa kitenge, akamsugua tena, halafu ndipo akalia, na dereva naye akalia.

Jirani alitaka kukata kitovu kwa wembe wa kwenye begi langu, nikamkatalia. Tukamweka kifuani ngozi kwa ngozi, tukamfunika, kitovu kikiwa bado kimeunganishwa, watu kwenye foleni wakatupisha. Nesi aliyetupokea akasema mmefanya vema kutokata. Akanichoma sindano ya paja ya kuzuia damu isivuje. Ndiyo dawa pekee niliyopata. Binti anaitwa Masika.

Mama Kelvin
Nimelia mbele ya wateja.

Nyota ya Tanga
Huyo kijana alilipwa?

Mama Masika
Alikataa nauli. Tulimlipia kuoshea bajaji. Kila Idi anakuja kumwona Masika.

Kijukuu cha Bibi
Ameoa? Nina mdogo wangu.

Ummu Salha
Allah amlipe. Na huyo jirani pia, maana bila yeye tungeongea mengine.

Mama Mapacha
Jamani turudi kwa Mama Tunu. Ushauri wangu: tembea, usilale chali, mtu akukande kiuno kwa nguvu kila uchungu unapokuja. Piga kelele unavyotaka.

Wa Nakuru
Usipige kelele, zinamaliza nguvu. Pumua polepole kwa mdomo.

Mama Kelvin
Piga kelele. Pumua. Halafu choma sindano.

Ummu Salha
Tende saba kila siku wiki za mwisho.

Kijukuu cha Bibi
Mimi tende zilinipandisha sukari dokta akanigombeza. Pima kwanza.

Bi Shangwe
Mume aingie leba. Kama wanakubali, aingie.

Nyota ya Tanga
Mume wa nini, azimie waanze kumhudumia yeye? Chukua mama yako.

Mkunga Mstaafu
Yeyote anayekutuliza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliandika wazi mama awe na mtu anayemtaka mwenyewe, na mwenye afya njema akiomba epidurali apewe. Na sindano si ndoa, Mama Tunu. Unaweza kusema sichomi, ukifika sentimita sita ukabadili mawazo. Ila uliza mapema kama mtaalamu wa usingizi yupo usiku na Jumapili, maana watoto hawaji saa za kazi.

Baba Lao
Nimemuuliza. Amenisimulia hadi saa sita usiku. Wa tatu alishonwa bila ganzi na mimi nilikuwa nje nalalamika chai imepoa. Samahani kwa niliyoandika juu.

Mama Tunu
Nimesoma yote, nimerudia ya Bi Shangwe mara mbili. Nadhani jana pale kwenye benchi nilikuwa najililia mimi yule wa 2019.

Bado sijaamua kuchoma au kutochoma. Ila Jumatatu narudi kwa dokta na karatasi: mtaalamu wa usingizi yupo usiku? Ganzi ya kushonea ipo muda wote? Mama yangu anaruhusiwa kukaa na mimi mpaka mwisho? Na wakiniwekea dripu, wanieleze ni ya nini kabla hawajaifungua.

Bi Shangwe
Andika hiyo ya dripu iwe namba moja.

Asha wa Mbagala
Samahani kuingia nimechelewa, nina wiki 29 na bima sina. Hayo maswali mtu anaweza kuuliza hata kituo cha afya cha kawaida, au wataniona najifanya?

Mkunga Mstaafu
Uliza mwanangu. La ganzi ya kushonea na la mtu wa kukaa na wewe, uliza popote. Unaenda kliniki lini?

Asha wa Mbagala
Alhamisi.