Firefox ya iPhone haiko sawa na ya Android?

Swali (Goma): Bandugu, kwenye Android naweka uBlock Origin (programu ya kuzuia matangazo) ndani ya brauza Firefox, matangazo haikule mega, lakini kwenye iPhone ya dada yangu haiwezekane. Juu ya nini?

Jibu: Juu Apple inalazimisha kila brauza ya iPhone itumikishe injini yake ya WebKit (njo ile inafungua kurasa za internet), Chrome, Firefox, zote, kanzu njo inabadilika, mwili ni ule ule.

Jibu (Bukavu): Ulaya sheria ya DMA (ya kupunguza nguvu ya makampuni makubwa ya internet) ilibalazimisha ba Apple bafungue kidogo, bakubali injini zingine, tangu iOS 17.4 (programu ya iPhone), mwezi wa tatu 2024, lakini siye hapana! Mutu ameuza simu na feza yake, bamuache achague, kabisa.

Jibu: Muwekee AdGuard, nayo inazuia matangazo, ndani ya Safari, brauza ya Apple, itasaidia.