Naomba ushauri: betri ya nyuma ya gari la kambi haijai hata nikiendesha kutoka Nakuru hadi Kisumu

Msafiri wa Milimani (Nakuru)

Hamjambo ndugu na dada. Naomba msaada wenu kuhusu betri mbili za gari langu la kambi, kwa sababu nimekwisha kutoa pesa mara mbili bila kuona nafuu, na sitaki kutoa mara ya tatu kabla sijajua ugonjwa wenyewe ni upi.

Gari ni Toyota HiAce ya dizeli, yenye alternata (mashine inayochaji betri injini ikizunguka) ya kawaida. Mbele kuna betri ya kuwashia injini ya ampea-saa 70 (ampea-saa ni kiasi cha umeme ambacho betri hubeba). Nyuma, chini ya kitanda, kuna betri ya asidi ya ampea-saa 100 inayolisha friji ndogo ya kompresa, taa nne na soketi za simu. Hapo mwanzo betri hizo ziliunganishwa kwa waya wenye swichi ya mkono. Tulipolala Mbita nikasahau kuizima swichi, na alfajiri nilipogeuza ufunguo, stata ililia "tik" mara moja ikanyamaza. Vijana waliokuwa wakianika omena ndio waliotusukuma hadi gari likawaka.

Baada ya hapo fundi mmoja alinifungia rilei inayounganisha betri zenyewe injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa. Tangu siku hiyo gari halijakataa kuwaka, lakini betri ya nyuma imekuwa mzigo. Nikitoka Nakuru kupitia Kericho hadi Kisumu, mwendo wa karibu saa nne, kile kipimo kidogo kilicho kando ya kitanda huonyesha volti 13.1 nikifika, nami hulala nikijua nina umeme wa kutosha. Kufikia saa kumi na moja alfajiri kinasoma 11.8 na friji imejizima. Muuza betri mmoja ameniambia betri imekufa, ingawa ina miezi minane tu. Mwingine ananiambia alternata imechoka. Je, nitajuaje kiasi cha umeme kilichobaki kwa kweli? Rilei inatosha, au ninunue ile chaja inayokaa katikati ya betri mbili? Tena, nifanye nini gari linapokaa nyumbani wiki tatu bila kuguswa?

Fundi Waya (Nakuru)

Ndugu Msafiri, usinunue kitu chochote wiki hii. Ile 13.1 unayoiona ukifika si habari ya betri, ni mabaki ya chaji iliyokaa juujuu kwenye sahani zake, na huondoka taratibu baada ya injini kuzimwa. Ile 11.8 nayo haisemi kweli yote, kwa sababu unaisoma wakati friji inavuta. Betri ya asidi husomwa ikiwa imepumzika, haichajiwi wala haitumiki, angalau kwa saa kadhaa. Hapo 12.6 au 12.7 ni betri iliyojaa, 12.2 ni kama nusu, na ikishuka chini ya 12.0 unaila betri yenyewe.

Swali ambalo hujalijibu bado ni hili: wakati injini inanguruma, betri ya nyuma inapokea volti ngapi? Chukua maltimita, ile mita ya kupimia volti, washa injini, ipe mafuta kidogo isiwe kwenye mwendo wa chini kabisa, kisha pima sehemu nne ukifuata njia ya umeme: kwenye vichwa vya betri ya mbele, upande wa pili wa rilei, upande wa pili wa holda ya fyuzi (kishikio chake), na mwisho kwenye vichwa vyenyewe vya betri ya nyuma. Usipime kwenye kile kipimo cha kando ya kitanda. Ukipata mita ya kubana waya, pima pia ampea zinazopita. Mjadala huu hautakuwa na maana mpaka tupate namba hizo.

Mama Kambi (Kisumu)

Kaka Msafiri, wakati unasubiri mita, angalia maji. Huku kwetu joto la chini ya kitanda mchana ni kali, na betri ya kufunguliwa vifuniko hukauka upesi kuliko huko Nakuru. Sahani zikiwa wazi juu ya maji, sehemu hiyo imeshaharibika. Ongeza maji safi ya betri peke yake, usiongeze asidi, hata kama kijana wa kituo cha mafuta anakuambia ni vilevile. Halafu hakikisha sanduku la betri lina mpira unaotoa hewa nje ya gari. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, nanyi mnalala juu yake na watoto. Hilo kwangu linatangulia mambo ya volti.

Kijana wa Sola (Kakamega)

Mimi ningeitoa hiyo betri ya asidi na kuweka lithiamu. Ni nyepesi, unaweza kutumia karibu umeme wake wote, na inachaji haraka. Mambo ya maji na hewa yanaisha siku hiyohiyo.

Fundi Waya (Nakuru)

Kijana, sifa ulizozitaja ni za kweli, lakini kwa gari hili kama lilivyo utamtia mwenzetu hatarini. Lithiamu hukubali kila ampea inayopewa, na alternata ya kawaida ikivutwa kwa nguvu hivyo kwenye foleni, injini ikizunguka polepole na feni yake nayo vivyo hivyo, huungua. Ndiyo maana betri hiyo huwekewa chaja ya katikati inayozuia mkondo usizidi ampea 20 au 30. Tena lithiamu hukaa kwenye 13.2 au 13.3 karibu safari yote ya kuisha kwake, kwa hiyo kipimo cha volti hakitamwambia lolote. Tumalize kwanza lililo mezani.

Msafiri wa Milimani (Nakuru)

Nimerudi na namba. Nimepima jana jioni, injini ikiwa imewaka kwa dakika ishirini. Betri ya mbele: 14.2. Baada ya rilei: 14.1. Baada ya holda ya fyuzi: 13.6. Kwenye betri ya nyuma: 13.0. Jirani yangu ana mita ya kubana, ikasoma ampea 17. Waya unaokwenda nyuma ni wa milimita 2.5 za mraba, ule wa nyumbani, nao una urefu wa kama mita tano.

Kuna jambo jingine lililonitisha. Nilipoigusa holda ya fyuzi nilirudisha mkono. Plastiki yake imelainika upande mmoja na kugeuka rangi ya chai, na kikono cha shaba kilichoingia ndani kina unga wa kijani. Fyuzi yenyewe ni nzima.

Fundi Waya (Nakuru)

Basi umeshaupata ugonjwa. Alternata yako ni nzima kabisa: 14.2 ndiyo inayotakiwa. Volti nzima na nukta mbili inapotea njiani.

Hesabu ya waya ni hii. Shaba ina ukinzani wa takriban omu 0.0175 kwa kila mita moja ya waya wa milimita moja ya mraba. Mita tano za waya wa 2.5 ni omu 0.035, na ukipitisha ampea 17 unapoteza volti 0.6, sawasawa na ulichopima. Waya wa 16 kwa urefu uleule ungepoteza 0.1. Holda nayo inakula nusu volti. Nusu volti mara ampea 17 ni zaidi ya wati nane za joto ndani ya kipande cha plastiki kidogo kuliko kiberiti. Fyuzi haikukatika kwa sababu mkondo haukuzidi kiwango chake. Moto unatoka kwenye mgusano mbovu, na fyuzi hailindi dhidi ya hilo. Usiendeshe gari tena kabla ya kuitoa.

Rilei haikuweza kukuonya, maana inasikiliza betri ya mbele tu. Aina nyingi huunganisha volti zikifika kama 13.3 na kuachia zikishuka hadi kama 12.8, na huko mbele mambo yalikuwa mazuri siku zote. Huko nyuma betri ilikuwa ikipewa 13.0 mahali pa 14.2. Hiyo haijazi betri ya asidi, hata ukiendesha hadi Busia na kurudi.

Weka waya wa 16 wenye lagi (vile vichwa vya chuma vya mwisho wa waya) zilizobanwa kwa mashine, si kwa nyundo, na urudishe hasi kwa waya wa unene huohuo au kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Weka fyuzi mbili za ampea 60, moja karibu na kila betri, kwa sababu waya huu una chanzo cha umeme pande zote mbili. Ukikwaruzwa katikati na kugusa bodi, betri zote mbili zitamimina hapo. Chaja ya katikati huihitaji bado. Ungekuwa na gari jipya ambalo kompyuta hushusha volti za alternata ili kubana mafuta, ningekuambia vingine.

Mwalimu wa Fizikia (Eldoret)

Naongeza kuhusu swali la kwanza, ambalo naona limeanza kusahaulika. Njia ya kujua kilichobaki ni kuhesabu kinachoingia na kinachotoka, kama karani wa ghala, na kifaa cha kazi hiyo ni kipimo cha shanti, yaani kipande cha chuma ambacho mkondo wote hupitia ili uhesabiwe. Shanti hufungwa kwenye kichwa cha hasi cha betri ya nyuma, na kila hasi nyingine, bila kuacha hata moja, huhamishiwa upande wake wa pili. Waya mmoja ukibaki kwenye kichwa cha betri, matumizi yake hayahesabiwi na takwimu zote zinapotoka. Niliwahi kuacha waya wa inveta hivyo, nikaamini mwezi mzima kwamba nina betri ya ajabu. Pia hesabu hiyo hujipanga upya pale tu betri inapojaa kikamilifu, nayo robo ya mwisho ya betri ya asidi huingia polepole sana, saa nyingi kuliko safari yako. Kwa hiyo paneli ya sola ya wati 100, inayotoa kama ampea tano jua likiwa zuri, itakusaidia kumalizia kile ambacho barabara haiwezi.

Betri yako imekaa miezi bila kujaa, na salfeti, ule ukoko mgumu unaozuia betri kupokea chaji, imeanza kushika sahani. Itoe, uichaji kwa chaja ya umeme wa nyumbani kwenye 14.4 mchana na usiku, ndipo uihukumu.

Msafiri wa Milimani (Nakuru)

Mwalimu, Fundi, Mama Kambi, nawashukuru kwa dhati. Waya wa 16 umeingia, fyuzi ziko pande zote mbili, na mpira wa hewa umepitishwa hadi chini ya sakafu. Vyumba viwili vya betri vilikuwa na maji chini ya sahani, nimeongeza. Baada ya chaja ya nyumbani nimesafiri Kisumu Jumamosi. Injini ikiwaka, mbele 14.2 na nyuma 14.0. Tulilala Dunga, shanti ikahesabu ampea-saa 27 zilizotoka usiku kucha, na alfajiri, friji ikiwa imezimwa kwa saa moja, betri ilisoma 12.3. Maziwa ya mtoto yalikuwa baridi.

Limebaki lile la gari kukaa wiki tatu. Nimepima betri ya mbele gari likiwa limefungwa: miliampea 40 zinatoka muda wote.

Fundi Waya (Nakuru)

Hizo ni za kawaida, ni saa na kengele ya wizi. Lakini ni karibu ampea-saa moja kwa siku, yaani 21 kwa wiki tatu, na betri yako ni ya 70. Ukiweka paneli, badilisha rilei kwa ile inayosikiliza pande zote mbili. Jua likiipandisha betri ya nyuma juu ya 13.3, itaunganisha na kulisha ya mbele pia. Mpaka hapo, fungua kichwa cha hasi cha betri ya mbele kila unapoliegesha gari kwa muda mrefu, na ukiandike kipimo kwenye karatasi kabla na baada.