Familia ya Chumbageni 🌴

JUMATANO

Zuhura 18:41
Assalaam alaykum familia. Jumamosi saa nane mchana Mark II ya marehemu baba ndiyo inayombeba Mwanaidi. Nimetoka kuiangalia sasa hivi. Buti linatia aibu. Nani kabandua ile nembo ya Simba akatuachia gundi?

Zuhura 18:42
📷 Picha

Zuhura 18:58
Tiki za buluu nazihesabu kumi na moja. Mmesoma wote.

Rama 19:03
Shemeji, nimebandua mimi. Hatuwezi kumpeleka bi harusi kwenye nyumba ya Wananchi wa Yanga na mnyama kakaa nyuma ya gari.

Hamisi 19:03
Ulimwomba ruhusa nani wewe Utopolo?

Rama 19:04
Kolo kaamka 😂😂

Hamisi 19:04
Nembo ile nimeinunua Kariakoo elfu kumi na tano. Nataka hela yangu.

Zuhura 19:06
Sijauliza mpira, nauliza gundi. Rama, umetolea nini?

Rama 19:09
Bisibisi. Plastiki ikatoka, sponji ikabaki. Nikajaribu wembe kidogo, nikaona mstari kwenye rangi, nikaacha.

Zuhura 19:09
WEMBE

Zuhura 19:10
Rama. Wembe. Kwenye gari la baba.

Hamisi 19:12
Nimeikuza picha. Kichwa kipo, mkia upo. Mnyama hatoki hapo 🦁🦁

Salma 19:20
Nilimwambia asiguse. Huo ni utepe wa kubandika pande mbili, una sponji katikati. Haukwanguliwi, unalainishwa. Unaupiga joto la draya ya nywele dakika mbili tatu, halafu unausukuma kwa kidole gumba. Unajiviringa vibonge vibonge kama tambi, unachomoa. Kinachobaki ni ule unato tu.

Salma 19:22
Na nembo ilipokuwa bado ipo ndipo ulipofaa mshipi. Unaupitisha nyuma yake, unavuta huku na huku kama msumeno. Tanga nzima wavuvi, yeye kashika bisibisi.

Rama 19:23
Mama Nasra, si tumekaa kochi moja? Hayo ungeniambia hapa hapa.

Salma 19:23
Hapa hapa nilikwambia.

Mwanaidi 19:25
Kwani tusiweke tu maua juu yake?

Zuhura 19:27
Na maua utayabandika kwa nini mwanangu? Kwa utepe. Jumapili tuanze upya.

Zuhura 19:31
Kuna fundi rangi barabara ya kumi na mbili anasema anapitisha kitambaa cha tina, ile ya kuyeyushia rangi, dakika mbili kimekwisha. Elfu tano. Nimpe kesho asubuhi? Nijibuni, sitaki kusikia baadaye "Zuhura kaamua peke yake".

Hamisi 19:32
Mafuta ya breki Da Zuhura! Yanatoa kila kitu.

Salma 19:33
Yanatoa na rangi. Hamisi kaa mbali na hilo gari.

Salma 19:38
Tina nayo ngoja kwanza. Rangi iliyotoka nayo kiwandani imepikwa kwa moto, ukipangusa haraka inaweza kuvumilia. Iliyopigwa gereji ikakaushwa na upepo, ukiipa tina inakunjana kama utando wa maziwa. Hilo buti lilishawahi kupigwa rangi upya?

Zuhura 20:15
Salma kauliza swali.

Zuhura 20:31
Basi nitamjibu mimi. Mwaka 2016 gari liliingia uani usiku, taa ya nyuma kulia imevunjika, bampa lina gome la mwembe. Wiki ya pili yake buti linang'aa kama la jana. Na mpaka leo hii hakuna mtu wa nyumba hii aliyegonga mwembe.

Hamisi 20:32
Mwembe ndio uliogonga gari 😂😂😂

Rama 20:33
Ulikuwa unarudi nyuma, haukuangalia kioo 😂

Mwanaidi 20:40
Da Zuhura nakuomba, wiki hii ni yangu.

Zuhura 20:41
Sijamtaja mtu.

Mwanaidi 20:41
Ndivyo unavyosema kila mara ukiwa unakaribia kumtaja.

Salma 20:50
Kama hakuna anayejua, tuchukulie lilipigwa. Mafuta ya taa, kitambaa cha pamba. Jaribu kwanza ndani ya mfuniko, pasipoonekana. Gari liwe kivulini, bati limepoa. Unalaza kitambaa juu ya gundi dakika kama tano, unapangusa taratibu, unarudia. Mwisho sabuni na maji mengi mpaka utelezi uishe. Kivuli cha nembo kinaweza kubaki, maana chini yake rangi haikupigwa jua. Hapo ni polishi na mkono wa mtu.

Hamisi 20:52
Mzimu wa Mnyama utakwenda harusini 👻

Bamkubwa 21:22
Wanangu. Shikamoo zenu sijaziona, nimeitikia hivyo hivyo. Mdogo wangu alikuwa mtu wa Coastal Union mpaka anaingia kaburini. Mwaka 1988 tulipochukua ubingwa alikuwa na baiskeli, na hata hiyo hakuibandika kitu. Gari lake nyie mmelifanya ubao wa matangazo. Habari ya mwembe aliniambia mwenyewe, na jina akalitaja. Akaniomba nisiseme. Sikusema yeye akiwa hai, sisemi leo. Anayejijua aende akashike kitambaa.

Salma 21:23
Shikamoo Bamkubwa 🙏

Rama 21:23
Shikamoo mzee wetu

Mwanaidi 21:25
Shikamoo Bamkubwa

Hamisi 21:26
Shikamoo Bamkubwa. Ile elfu kumi na tano nimesamehe.

Kaka Idi 21:44
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Zuhura 21:45
Kaka Idi, umefuta nini?

Zuhura 22:10
Kaka?

Kaka Idi 23:52
Msitie tina. Ile rangi ya buti haikupikwa. Fundi aliipiga chini ya mti, ikakauka kwa upepo, na chini yake kuna puti upande wa kulia, msikandamize sana. Nakuja asubuhi na mafuta ya taa.

ALHAMISI

Zuhura 06:20
Nimeona Kaka. Ahsante.

Zuhura 07:05
Asubuhi ya saa ngapi? Nipo uani, gari limefungwa. Funguo ziko kwa nani?

Rama 07:31
Hamisi

Hamisi 07:31
Rama

Fatma Maskati 08:02
Mashallah Mwanaidi wangu, hongera sana! 🌹🌹 Huku kazi zimetubana, ndiyo kwanza nafungua simu. Gari gani hilo mnalosema?

Zuhura 08:40
Fundi wa barabara ya kumi na mbili kafika, kasimama getini na kopo lake. Kaka Idi uko wapi? Huyu namwambia nini?