Sergei Brushko na sanduku la negativu za baba

Mwana wa Mpiga Picha, Tukuyu:

Wanajukwaa, ninawasalimu. Marehemu baba yangu alikuwa mpiga picha wa mtaani, akizunguka kati ya Tukuyu na Mbeya mjini kwa zaidi ya miaka ishirini, na ametuachia sanduku la bati lililojaa negativu za picha nyeusi na nyeupe. Ndugu zangu wanataka lichomwe. Hivi karibuni nimesoma habari za Sergei Brushko, mpiga picha za habari wa Belarusi aliyezaliwa mwaka 1958 na kufariki mwaka 2000, ambaye kazi yake ilifufuliwa na mwanawe. Naomba anayemfahamu anieleze picha zake zilikuwa na uzito gani hata zikatafutwa upya ilhali mwenyewe hayupo.

Mwalimu wa Historia, Iringa:

Kamwene, ndugu yangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Brushko alishika kamera katika miaka ambayo nchi yake iligeuka chini juu. Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka upande wa Ukraina, lakini upepo ukabeba sehemu kubwa ya vumbi la mionzi hadi Belarusi, hasa mikoa ya Gomel na Mogilev, na vijiji vingi vikahamishwa. Aprili 1991 wafanyakazi wa Minsk waligoma bei zilipopandishwa, na Agosti mwaka huohuo uhuru ukatangazwa.

Suala la mionzi ndilo ninalolirudia kila ninapofundisha, kwa sababu mionzi haina rangi wala harufu. Mpiga picha anayefika katika kijiji kilichoathirika anaweza kukuta miti imezaa, kuni zimepangwa ukutani, na anga ni safi kama la Njombe baada ya mvua. Kamera yake haiwezi kuinasa hatari yenyewe. Inamlazimu atazame watu, mikono yao, vyombo wanavyochagua kubeba na vile wanavyoviacha. Kwa maoni yangu kazi ya picha za kumbukumbu hupimwa hapo, wala si kwenye ukali wa lenzi.

Mama Studio, Mbeya:

Mwanangu, mwalimu amekueleza vema habari za nyakati zile. Mimi niongeze habari za kijana. Dmitry Brushko naye ni mpiga picha za habari, na alifanya kazi katika tovuti ya TUT.BY, ambayo serikali iliifunga Mei 2021. Alizikusanya picha za baba yake chini ya jina «Zmena». Neno hilo kwa Kibelarusi lina maana ya mabadiliko, pia zamu ya kazini, na vilevile kizazi kinachopokea kijiti. Tena limo katika jina la gazeti la vijana ambalo baba aliwahi kulifanyia kazi, Chyrvonaya Zmena. Sijui kama lingepatikana jina linalofaa zaidi kwa kazi ya mtoto juu ya mzazi wake.

Basi usikubali lichomwe. Unyevu wa Tukuyu unaotesha ukungu juu ya filamu, kwa hiyo litoe sanduku sakafuni leo hii. Shika negativu kwa kingo tu, mikono ikiwa mikavu, zitenganishe zilizogandana bila kuzivuta kwa nguvu, kisha kila ukanda uutie katika bahasha yake ya karatasi, ukiandika juu yake kwa penseli kabla hujauingiza. Kuskani kunaweza kusubiri, lakini majina hayasubiri: waite wazee wakutajie nani ni nani wakiwa bado wanaona.

Mwana wa Mpiga Picha, Tukuyu:

Shikamoo mama, na asante sana mwalimu. Jana nimefungua sanduku pamoja na shangazi. Ukanda wa kwanza niliouinua kwenye mwanga wa dirisha ulikuwa na soko la Mwanjelwa kabla halijaungua, na mbele yake wanawake watatu wamekaa na matenga ya ndizi. Shangazi aliutazama kwa muda mrefu, akamtambua wa katikati, akaniomba penseli.