Dada wa maua wa hapa Mwanza kanidhalilishia mama yangu mbele ya jumuiya nzima, MEZA YA KAMATI BIA MBILI MBILI!!!

Binti_wa_Mwalimu

Wakuu naandika huku mikono inatetemeka, herufi zikipishana mnivumilie.

Yule dada wa maua, sitaji jina maana wote mnamjua, yule wa kila asubuhi stetasi "maua freshi na umande wake" utadhani analala shambani. Leo kanifanyia kitu ambacho hata mchawi akimfanyia jirani yake anaomba radhi.

Mama yangu kastaafu ualimu. Miaka yote hiyo kala vumbi la chaki, kafundisha mpaka watoto wa watoto wa aliowafundisha, siku ya kuagwa shuleni wakampa kitenge na sufuria. Sufuria! Nikasema hapana, leo akina mama wa jumuiya wanakuja kusali nyumbani Nansio kule Ukerewe, mimi nimebanwa kazini Dodoma ruhusa sikupata, basi angalau mama yangu kwa mara ya kwanza maishani ashike maua hai mkononi, siyo yale ya plastiki ya kupangusa vumbi Jumamosi. Nikamwambia yule dada nataka waridi, nyekundu na nyeupe, freshi. Akasema "usijali mpenzi, yameingia jana na basi kutoka Arusha". Elfu tisini nikatuma, ukiacha hela ya meli na boda wa kwenda kupokea gatini. Nikamtumia na ujumbe wa kuandika kwenye kadi: "Kwa mwalimu wangu wa kwanza, asante mama, sasa pumzika."

Maua yakafika. Niko kwenye video kol, simu kashika mtoto wa dada kwa hiyo naona dari, naona miguu ya watu, naona dari tena, ila nasikia vigelegele na nimeshaanza kulia. Mama mdogo akaona kikaratasi kimechomekwa katikati ya maua, akajua ndiyo ujumbe wangu. Sasa mama mdogo ndiye msomaji wa masomo kanisani. Akasimama. Akakohoa. Akasoma kwa sauti ile ile ya somo la kwanza:

"MEZA YA KAMATI. WATU KUMI. BIA MBILI MBILI."

Kimya. Halafu bibi mmoja huko nyuma kwa mazoea akaitikia "Tumshukuru Mungu".

Wakuu mnanielewa?? MAUA YA HARUSI YA MTU! Yale maua yamehudhuria harusi, yamekula pilau, yamecheza kwaito, yamegombania lifti saa tisa usiku, asubuhi yakapandishwa meli kuja kumpongeza mama yangu yana hangova! Nikamwambia mtoto ageuze vikonyo nivione, vimejaa unga wa kijani wa ile sponji ya mapambo. Jioni hii ninavyoandika yote yamelaza shingo yanatazama sakafu kama yameona aibu kuliko aliyeyatuma.

Nikampigia. Mnajua alichonijibu? "Kwani dada, mama alitaka kuyala?"

KWANI MAMA ALITAKA KUYALA.

Halafu kaniblok.

Bia mbili mbili mbele ya akina mama wa jumuiya. Mama yangu hajawahi kuonja hata togwa iliyolala.

---

Sato_Mkavu

"Tumshukuru Mungu" 🤣🤣🤣 nimepaliwa na ugali hapa, bibi apewe zawadi yake

---

Mzee wa Gati

Nimekaa paleee nasubiri picha ya hicho kikaratasi. Bila picha hii ni chai.

---

Binti_wa_Mwalimu

Mzee wa Gati kikaratasi mama mdogo kakichana kwa hasira vipande vipande, akasema asije paroko akapita akakikuta. Nina maneno yake kichwani mpaka nazikwa. Watu kumi. Bia mbili mbili. Na kaandika kwa maka pen nyekundu herufi kubwa ili hata asiye na miwani asipitwe!

---

Nyegezi Stendi

Mimi huyo dada nilimwagizia ya mke wangu Februari, yamefika yamefungwa utepe "Hongera kwa kipaimara". Mke wangu mpaka leo anaamini nina mtoto nje.

---

Mama Pacha wa Igoma

Heri yenu mlioletewa. Mimi alisema yako njiani kutoka Arusha, nikasubiri, kila nikipiga "basi liko Singida". Kesho yake basi liko Singida. Hilo basi limejenga Singida limeoa huko.

---

Kijana wa Usa River

Poleni wakuu. Mimi kabla ya kuhamia huku kwenye dagaa nimefanya kazi shamba la maua kule Usa River, ngoja niseme kidogo kitaalamu. Waridi la kuuza linakatwa bado limefumba, linatiwa maji hapo hapo, linaingia chumba cha baridi nyuzi 2 mpaka 5, halafu mzigo mkubwa unaruka kwenda Uholanzi. Yanayobaki ndiyo haya mnauziwa mjini. Likitunzwa linafika Mwanza na basi bila shida yoyote, linakaa wiki na zaidi. Lakini ukishalichomeka kwenye ile sponji likakesha ukumbini na taa zote zile na joto la watu, halafu ukalichomoa, kikonyo kinavuta hewa na kinaziba unga, maji hayapandi tena. Ndiyo maana shingo inalegea. Hapo hata uliweke kwenye maji ya upako haliinuki.

Siku nyingine mwambie anayepokea abonyeze taratibu pale chini ya kitumba. Gumu, ni jipya. Likibonyea kama nyanya ya jana, rudisha. Na mnaotuma kwa meli kwenda visiwani msikubali yakae jirani na ndizi mbivu, ule mvuke wa ndizi unazeesha maua kwa kasi ya ajabu.

---

Binti_wa_Mwalimu

Kijana wa Usa River Mungu akubariki, wewe ndiye umeongea kama mtu mwenye mama. Sasa imagini yametoka harusini YAMECHOKA halafu nina uhakika huko melini yalikaa na mikungu ya ndizi. Yaani nimempelekea mama yangu wagonjwa.

---

Furu wa Ghana

Ila na wewe mleta mada, mama mtu mzima kastaafu yuko mzima wa afya unamtumia maua umeandika "sasa pumzika"? Huyo dada labda kakuokoa. Bora bia mbili mbili kuliko watu waanze kulia.

---

Sato_Mkavu

🤣🤣🤣 Furu umeua. "Asante mama, sasa pumzika", hapo bado msalaba tu

---

Binti_wa_Mwalimu

Furu usinitie hasira nyingine juu ya hasira. Nilimaanisha apumzike kazi, kustaafu ni kupumzika, usiniletee ushahidi wa upande wa yule mama muuza mitumba ya maua. Ujumbe wangu haukusomwa! Mtu kalipwa kuandika mstari mmoja tu hakuuandika! Wewe ulitaka mama yako asomewe oda ya vinywaji?

---

Mlango Mmoja Original

Ngoja kwanza. Hii harusi ilikuwa Jumamosi, ukumbi ule wa kuelekea airport, rangi nyekundu na nyeupe?

---

Binti_wa_Mwalimu

Rangi ndiyo hizo hizo. Kwa nini?

---

Mlango Mmoja Original

Dada yangu. Meza ya kamati nilikaa mimi. Hayo maua nilikuwa nayasogeza pembeni nipate pa kuweka sahani. Na hicho kikaratasi nakijua, kaandika mweka hazina ili wahudumu wasituzidishie. Mpe mama hongera sana, mwambie tulikaa nayo vizuri.

---

Mzee wa Gati

Hahahahaha chai imepata shahidi. Naomba radhi Binti.

---

Binti_wa_Mwalimu

NILIJUA. Nilijua mimi. Ulikuwa unayasogeza pembeni na kiwiko, kesho yake yakawekwa mikononi mwa mama yangu kama taji! Elfu tisini! Mlango Mmoja njoo inboksi unipe jina la mpambaji wa hiyo shughuli nijue ni yeye mwenyewe au kuna mtandao.

---

Mlango Mmoja Original

Mpambaji ndiye huyo huyo. Sisi kamati tulimlipa maua mapya bei kamili, kwa hiyo kayauza mara mbili. Yaani kati yangu na wewe mwenye mali simjui.

Ila dada nikuambie ukweli, hayo maua siyo kilichoniuma Jumamosi. Bia mbili mbili hazikufika! Imefika moja moja. Sisi ndiyo tumehangaika miezi na daftari la michango, tunapigiwa simu na watu wanajifanya mtandao mbovu, siku yenyewe tunapewa bia moja na paja la kuku ambalo huyo kuku nadhani alikuwa njiwa.

---

Mama Pacha wa Igoma

Hapo sasa umegusa pabaya. Michango ya harusi Mwanza imekuwa kodi. Mimi mwezi huu nina kadi za watu siwajui, mmoja kaniandikia "kwa kuwa uliwahi kununua nguo dukani kwetu". Kadi ya singo laki moja, nakwenda nakaa nyuma ya spika, chakula kinaishia meza ya mbele yangu.

---

Nyegezi Stendi

Na ukituma pole pole unawekwa kwenye grupu jina lako halina tiki. Kila asubuhi MC wa grupu anaamsha "mwangaluka wanakamati, bado tunawasubiri wapendwa wafuatao". Nimeaibishwa kwenye harusi ya mtu ambaye hata sura simkumbuki.

---

Binti_wa_Mwalimu

Wakuu turudi kwenye mada. Mama yangu kaniambia kwa upole "mwanangu asante, ni mazuri". NI MAZURI. Yamelala kwenye jagi la juisi na bado anayatetea ili nisiumie. Hilo ndilo linalonichoma kuliko hela. Mtu wa kwanza maishani kumpa maua ni mimi na nimempa ya meza ya kamati.

---

Kapripointi Boy

Pole sana dada. Ila kwa heshima zote nani kakutuma utume maua Ukerewe? Ziwa lote limejaa magugu maji, maua ya zambarau bure, yanakuja yenyewe mpaka mlangoni na upepo. Zawadi ya mama wa Kanda ya Ziwa ni sato. Sato halegei shingo.

---

Sato_Mkavu

Nimeitwa?

---

Mke wa Mvuvi

Kapripointi acha dharau, mama naye mtu. Mimi mume wangu tangu anioe zawadi yangu ni samaki. Siku ya kuzaliwa samaki, nimejifungua samaki, tumegombana usiku asubuhi nakuta sangara kalazwa mlangoni. Siku akiniletea ua hata la meza ya kamati nitalitundika ukutani.

Binti, mama yako umempenda na anajua. Yule dada ndiye hana mama.

---

Binti_wa_Mwalimu

Mke wa Mvuvi umeniliza. Asante dada yangu.

---

Ukara Kwetu

Afadhali hata huyo wa sato mzima. Siku hizi ukienda sokoni minofu yote imeshakwenda viwandani, unabakiziwa mapanki, vichwa na mifupa tu, na bei yenyewe unadhani kichwa kinaongea.

---

Kapripointi Boy

Mapanki ya supu usiyatukane mkuu, yamesomesha watu humu.

---

Dar Mpaka Moro

Samahani wakuu nimepita tu, kuna mtu anatoka Mwanza kuja Dar wiki hii na ndege? Naomba anichukulie sato wawili watatu hivi.

---

Nyegezi Stendi

HAWA SASA. Hii ndiyo ilitakiwa iwe mada. Mtu hujasikia salamu yake mwaka mzima, ukiposti tu uko airport Mwanza, "kaka mzima? sato basi". Begi langu la nguo linanuka mpaka nikivaa suti kazini paka wa ofisi ananifuata.

---

Mke wa Mvuvi

Hamjui kufungasha tu. Samaki mtoe matumbo na magamba, mgandishe usiku kucha awe jiwe, mfunge gazeti nyingi, nailoni juu, ndani ya boksi, gundi pande zote. Anafika Dar bado anagonga.

---

Dar Mpaka Moro

Mke wa Mvuvi ubarikiwe. Sasa nani anasafiri?

---

Binti_wa_Mwalimu

Jamani uzi wangu.

---

Furu wa Ghana

Binti tulia kidogo, tunaulizana hapa. Dar Mpaka Moro, shemeji yangu anaruka Ijumaa lakini kaagizwa na watu wengine kumi.

---

Sato_Mkavu

Watu kumi, sato wawili wawili 🤣🤣

---

Mzee wa Gati

Tumshukuru Mungu.

---

Dar Mpaka Moro

Furu nitumie namba ya shemeji inboksi, hela ya samaki natuma sasa hivi. Wawe wa maji marefu siyo wa kufugwa.